Nahodha Hujifunza kwa Chombo cha Nani?

Wazee wa pwani wametuachia methali isemayo, Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii ni ya kweli, nayo hutajwa sana katika mikutano ya vijiji, hasa kijana anapoinuka kusema neno. Lakini haituambii jambo moja lililo kubwa, yaani yule nahodha mmoja alitoka wapi. Hakuzaliwa na usukani mkononi. Ilikuwako siku ambayo chombo kilikuwa cha mtu mwingine, na shehena ya watu wengine, naye akaachiwa usukani kwa mara ya kwanza hali hajaujua vema. Siku ile, kama chombo kingalipanda mwamba, hasara ingalikuwa ya nani?

Swali hili ndilo nipendalo tulitazame, wasomaji wapenzi, maana siku hizi twasikia kila mahali ya kwamba vijana wafundishwe uongozi. Huitwa katika semina, wakahutubiwa, wakapewa na vyeti. Mimi sidharau hotuba; mwalimu adharauye maneno amedharau chakula chake. Lakini mtu hajifunzi kupiga pondo akiwa amesimama ukingoni. Uongozi hupatikana katika kazi, tena kazi ya mikono iliyo na watu ndani yake. Hayo wengi watakubali upesi. Ugumu uko mbele kidogo: kazi yenye kumfundisha mtu ni ile ambayo wengine wanaitegemea, nao ndio watakaolipa makosa ya mwanafunzi.

Nachukua kazi moja ya huku kwetu ili maneno yasielee hewani. Mto Rufiji, kabla ya kuingia baharini, hugawanyika ukawa na midomo mingi, na katikati ya midomo hiyo, katika nchi ya Kibiti, ndipo penye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Tanzania. Humo kuna mkoko wenyewe, na mchu, na mlilana, na mkandaa, na msinzi, na mkomafi. Msitu huu umekatwa kwa boriti, umekatwa pia ili kupata mashamba ya mpunga. Na shamba la namna hiyo likiisha kulimwa miaka michache magugu hulishinda, mwenyewe akalihama. Kwa hiyo vijiji na shule hujaribu kupanda mikoko tena. Ni kazi ya matope, na kila aliyeifanya ajua jinsi mguu unavyozama hata gotini.

Tuseme kijana wa miaka 17 amepewa wenzake 20, akaambiwa, Ongoza kazi hii. Ataanza na nini?

Ataanza na maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kuliko jana yake. Akiona leo saa mbili asubuhi maji yamekupwa, akaamuru watu wakutane saa mbili kila siku, basi katika siku ya saba atawakuta wamekaa ukingoni wanatazama maji tele. Hapo amri imekoma. Maji hayamwogopi kiranja. Itampasa ajue bamvua na maji mafu, ajue mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kama hajui itampasa aulize. Na kuuliza mbele ya watu uliopewa kuwaongoza ni jambo zito kwa kijana, zito kuliko kubeba boriti.

Kisha mbegu. Tunda la mkoko huota lingali juu ya mti wake, likatoa mche mrefu wa kijani uliochongoka, kama dhiraa moja hivi. Mche ulioiva hujulikana kwa pete ya manjano inayotokea pale unaposhikana na tunda. Usioiva hunyauka, na uliotobolewa na wadudu hauna faida. Katika kundi lile la watu 20, ajuaye haya yote labda ni mtoto aliye mdogo kuliko wote, wa mwisho darasani, ambaye kila siku humfuata mama yake kutafuta kaa. Kiongozi aliyezoea kutazama madaraja ya mtihani hatamwona mtoto huyu. Mvulana ashikaye nafasi ya kwanza kwa hesabu atapewa kusimamia mbegu, naye atakusanya nyingi sana, zote mbichi.

Lililo gumu kuliko hayo ni mahali. Katika nchi ya Ufilipino, tangu miaka ya 1980, fedha nyingi zilitumika kupanda mikoko, na sehemu kubwa ikafa, kwa kuwa ilipandwa katika matope ya wazi yanayotazama bahari, pasipo mahali pake. Wenye kuongoza kazi walipachagua kwa sababu hapakuwa na mwenyewe wa kugombana naye, tena hesabu ya miche iliyopandwa ilipendeza katika taarifa. Nasi tuna matope ya wazi mengi. Lakini mahali panapofaa, nyuma kidogo, penye maji ya utulivu, mara nyingi ni shamba la zamani la mpunga. Kwa sheria msitu huo ni hifadhi ya serikali, kwa hiyo kijana atakwenda kwanza kwa bwana misitu. Asidhani amemaliza. Shamba lina bibi aliyelifyeka na kulilima, akawafukuza ndege juu ya dungu usiku na mchana. Yeye hakuandikiwa cheti, lakini huenda aliliacha lipumzike tu. Kijana akipita mbele ya mlango wake na miche 1,000 mabegani bila kusema, Shikamoo, bibi, tumekuja kukuuliza, miche ile inaweza kung'olewa kabla ya mwezi kwisha, nami sitashangaa.

Watu huwaza kwamba kuongoza ni kusema na kusikiwa. Kazi ya matope yamwonyesha kijana kwamba sehemu kubwa ni kuuliza: awaulize maji, na mtoto wa kaa, na bwana misitu, na bibi mwenye shamba, kisha yeye mwenyewe aamue, maana hao wanne hawatakubaliana. Kuamua hakuwezi kuhamishiwa kwa mwingine. Sijui semina ya namna gani ingemfundisha hayo kwa siku tatu.

Sasa mzee aweza kuniambia, Mwalimu, hayo yote yathibitisha neno langu: mpe kazi ajuaye, miche isife, bibi asitukanwe. Mzee huyu hasemi upuzi. Miche iliyokufa ni siku za kazi za watoto wa watu, na bibi aliyedharauliwa hasahau. Kumfundisha mtu mmoja kwa hasara ya ishirini kwaweza kuwa dhuluma, hata tukiita malezi.

Namjibu hivi. Kwanza, si kila kazi ni ya mwanafunzi. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipofunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti, haukuwa wakati wa kumjaribu mtu. Mtumbwi wenye akina mama na watoto katikati ya mkondo ni wa mtu aliyeujua mto tangu utoto, na kijana akae miguuni pake akitoa maji kwa kata. Lakini mche wa mkoko ukifa, msimu ujao mwingine hupandwa. Kazi ambayo hasara yake yaweza kulipwa, hiyo ndiyo ya kujifunzia. Na mwenye kuitoa apime kabla, si baada.

Pili, ampaye kijana kazi amejitwisha deni. Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba la shule na waone faida na hasara yake. Katika shule nyingi maneno hayo yaligeuka: mwalimu akaamua, watoto wakalima. Sababu yake si ubaya wa moyo tu. Ni vigumu mno kusimama ukitazama mstari unapindika, na wewe wajua kuunyosha. Mkono wawasha. Lakini mwalimu akinyakua kamba siku ya kwanza, amewaambia wote 20 kwamba kiongozi wao ni kivuli, na toka siku hiyo watamtazama mwalimu kila neno. Anyamaze kwa mstari uliopindika. Kwa hilo la bibi asinyamaze, amnong'oneze kijana kando, usiku uliotangulia. Kutofautisha haya mawili ndiyo kazi yake yote.

Na wale ishirini? Wao nao wanalo la kudai. Waambiwe tangu mwanzo kwamba mwenzao anajifunza, wala wasidanganywe kwamba amechaguliwa kwa kuwa ajua zaidi. Tena zamu yao ifike. Kijana mmoja akiongoza mwaka hata mwaka kwa sababu sasa amekuwa hodari, hapo wengine wamelipa karo ya mtu mmoja, nayo ndiyo dhuluma aliyoiogopa yule mzee. Naona hapa ndipo shule zetu hukosa zaidi, kwa maana mtu hodari hupendeza, na kuanza upya na mjinga huchosha.

Inabaki siku ya hesabu. Baada ya miezi sita watu hurudi matopeni kuhesabu miche iliyo hai, si ile iliyopandwa. Tuseme katika kila miche 100 imebaki 40. Habari hiyo yapaswa kupelekwa kwa wazee na kwa bibi mwenye shamba. Aende kijana mwenyewe, aitaje hesabu kwa kinywa chake, aseme ni mahali gani miche ilikufa na kwa nini, naye atakayeongoza msimu ujao awe amesimama kando yake akisikia. Mwalimu aende pamoja nao, maana bibi akiuliza ni nani aliyempa mtoto huyu shamba lake, jibu la swali hilo si la kijana.