Chumba cha Kwanza

Kijana anayehama kwao jijini Dar es Salaam kwa kawaida huanzia chumba kimoja cha kupanga. Mzigo mkubwa humfika kabla hajalala humo hata usiku mmoja: wenye nyumba wengi hudai kodi ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo, na dalali hutaka ya mwezi 1 juu yake. Desturi hiyo inawaumiza mno wenye kipato kidogo, kwani akiba yote huishia mlangoni. Hufuata godoro, ndoo na jiko la gesi. Kitanda kinaweza kungoja. Penye wapangaji wengi, mita ya umeme ya LUKU mara nyingi huwa moja, hivyo huchangishana fedha za umeme; pia hupokezana zamu ya kusafisha uwani na choo.