Kiungo Kisichoonekana

Kila kazi ya mikono ina uso na ina ndani. Uso huonekana na watu wote, nao ndio usifiwao sokoni. Ndani hujulikana na yule aliyeifanya kazi. Nguo ina pindo, ukuta una msingi, na mlango una viungo. Katika insha hii nataka tupime swali moja ambalo seremala hukutana nalo kila siku ya kazi, na ambalo mwanadamu yeyote hawezi kulikwepa maisha yake yote: mtu ana wajibu gani kwa sehemu ya kazi yake ambayo hapana jicho litakaloiona?

Ili swali lieleweke, kwanza tuangalie jinsi mlango uungwavyo. Seremala hodari huchonga ncha ya ubao wa kulala ikawa ulimi, akachimba tundu kwa patasi katika ubao wa kusimama, kisha akatia ulimi ndani ya tundu. Ulimi mwema huwa na unene wa karibu thuluthi moja ya ubao. Huingia kwa kusukumwa na mkono, au kwa kugongwa kidogo kwa nyundo ya mti. Ukiwa na ulegevu kiungo hakina nguvu, na ukilazimishwa kwa kishindo ubao hupasuka. Kazi hii yataka kipimo cha kweli, msumeno mkali na subira.

Lakini iko njia nyingine. Seremala aweza kukata ulimi mfupi usiofika kina cha tundu, akajaza pengo kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, akapiga misumari miwili, akasugua kwa msasa na kupaka rangi. Siku ya kuuzwa, milango hii miwili hufanana kama shilingi kwa ya pili. Mnunuzi hawezi kuupasua mlango ili atazame ndani yake.

Plato, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, ametia katika kitabu chake cha Jamhuri hadithi ya mchungaji wa nchi ya Lydia aliyepata pete ya ajabu. Alipoigeuza pete hiyo kidoleni, watu hawakuweza kumwona. Kwa siri hiyo alimwua mfalme wake akatwaa ufalme. Swali la hadithi ni hili: mtu mwenye pete kama hiyo ataendelea kuwa mwadilifu kwa sababu gani? Wengi huidhani pete hiyo kuwa ndoto tu. Seremala anayo. Ndani ya kiungo ndipo mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki, na kila afungapo kiungo kwa gundi, amevaa pete ya mchungaji yule.

Ulimi mfupi una watetezi wake, nao wasikilizwe kwa haki. Mtetezi wa kwanza husema: "Seremala ana watoto. Mnunuzi hataki kulipa bei ya kazi njema, tena autaka mlango kesho kutwa. Akipewa kazi ya thamani ya fedha yake, amedhulumiwa nini?" Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, ambako mafundi huweka vitanda na makabati yao mbele ya wapita njia, bei huvutwa chini kwa maneno mpaka faida ya fundi ikawa nyembamba kama maranda. Mnunuzi abanaye bei kupita kiasi ana sehemu yake ya lawama.

Hata hivyo, yatupasa tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huvichanganya: kazi rahisi na kazi ya uongo. Meza iliyopigwa misumari bila ulimi si dhambi. Fundi akisema, "Hii ni ya misumari na bei yake ni hii, ile ni ya ulimi na tundu na bei yake ni ile," mnunuzi amechagua mwenyewe wala hapana aliyedhulumiwa. Kosa la ulimi mfupi ni kwamba umevishwa sura ya ulimi mrefu, na mnunuzi huondoka akiamini jambo ambalo fundi anajua kuwa si kweli. Umaskini waweza kumlazimisha mtu kufanya kazi rahisi, lakini haumlazimishi kudanganya. Ni kweli kwamba kusema wazi huweza kumpotezea mteja, na hasara hiyo si ndogo kwa mwenye njaa. Sikusudii kuificha. Uadilifu ungalikuwa haugharimu kitu, hapangekuwa na haja ya kuufundisha.

Mtetezi wa pili husema kwamba asiyejua haumii. Huyu ajibiwe na mbao zenyewe. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji, na ubao wake ukaukapo hupungua upana, ingawa urefu wake haupungui ila kidogo sana. Ubao mbichi wenye upana wa sentimita 30 waweza kupoteza karibu sentimita moja. Ndiyo sababu mafundi wenye busara hupanga mbao kivulini, wakatia vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Na kanuni yao ya zamani ni kukausha mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene. Hata baada ya kukauka, ubao hautulii kabisa. Hewa ya Mombasa ina unyevu kuliko hewa ya Nairobi, na kabati lililoundwa pwani hunywea kidogo likipelekwa bara. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini ubao haufuati methali hiyo.

Kwa hiyo fundi aliyeficha ubichi wa mbao chini ya rangi amemkabidhi siri yake shahidi asiyehongeka. Miezi hupita, ulimi hunywea ndani ya tundu, gundi huachia, na kiti huanza kulia kila kikaliwapo. Na aangukaye siku hiyo huenda asiwe yule aliyebana bei. Huenda akawa mama yake mzee, aliyekuja kutembea.

Bado liko swali gumu kuliko yote. Tuseme kiungo kibovu kimedumu kwa bahati, na mlango umefungwa na kufunguliwa miaka 40 bila kulegea. Je, kosa limefutika? Nadhani halikufutika, kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni kwamba mnunuzi hakununua mbao tu; alinunua pia ruhusa ya kutoshuku. Hatuwezi kupasua kila mlango, kupima kila dawa, wala kuchimba kila msingi. Twaishi kwa kuaminiana katika mambo tusiyoweza kuyatazama. Aliyeitumia imani hiyo kama pazia la kujifichia amechukua kitu kisichokuwa chake, hata kama mlango haukuanguka.

Ya pili ni kwamba kusema kweli hapana kiungo kisichoonekana. Kimeonekana na fundi, na mara nyingi kimeonekana na kijana anayejifunza kazi kwake. Kijana huyo ameshika ubao wakati ulimi ulipokatwa mfupi. Hakuambiwa neno, lakini amefundishwa somo ambalo atalikumbuka kuliko mengine yote: kwamba penye giza pana ruhusa. Kesho atakuwa fundi mwenye wanafunzi wake. Fundi naye hubadilika. Jicho lililozoea kuridhika na pengo la milimita mbili halitaliona pengo la milimita tatu, na mkono uliozoea kuficha husahau njia ya kuunga. Bandu bandu huisha gogo.

Mtu asinielewe vibaya kwamba kila kilichofichwa sharti kiwe kizuri. Mafundi wengi wa zamani waliacha chini ya meza na nyuma ya kabati pasipo kupigwa randa ya mwisho, wala hawakuwa wadanganyifu. Mnunuzi aweza kuinama akaona, na ukwaruzo wa chini hauipunguzii meza nguvu. Tunachodaiwa katika sehemu ya siri ni uimara ule ambao uso umeahidi. Urembo si deni. Tazama milango ya kale ya Lamu. Wageni husimama mbele yake wakasifu nakshi, nayo yastahili sifa. Lakini nakshi haikuushikilia mlango hata mmoja. Ulioushikilia ni mti mgumu uliokauka vizuri na viungo ambavyo hapana mgeni aliyepata kuvipiga picha.

Nawe msomaji, huenda usishike randa maishani mwako ila katika chumba cha ufundi shuleni. Hata hivyo pete ya mchungaji imo mfukoni mwako. Hesabu yenye jibu sahihi iliyonakiliwa kwa jirani ni ulimi mfupi uliopakwa rangi. Daftari la fedha za chama cha wanafunzi lisilokaguliwa na mtu ni ndani ya kiungo. Siku moja utakuwa muuguzi wa zamu ya usiku, au mhandisi wa daraja, au karani mwenye ufunguo wa ghala, na watu watapita juu ya kazi yako bila kuinama kuitazama. Usipoweza kuifanya kazi kama inavyopasa, kwa kukosa muda, fedha au ujuzi, iko njia iliyo wazi kwako na kwa fundi maskini pia: sema kilichopungua kabla ya kupaka rangi.