Hodi ya usiku: Kuuliza "nani?" si utovu wa adabu

Huku Lingeka, Meatu, baadhi yetu hudhani kumwacha mgeni nje usiku ni dhambi. Mimi nasema turejee Surat An-Nur, aya ya 27 na 28: mgeni ndiye aliyeamrishwa kuomba idhini na kutoa salamu, na akiambiwa arudi, arudi. Jabir (r.a.) alibisha hodi kwa Mtume (s.a.w.), akaulizwa ni nani, akajibu "mimi". Mtume hakulipenda jibu hilo.

Usukumani, ambako vikongwe na wenye ualbino wamevamiwa usiku na kuuawa kwa mapanga, adabu hii inaokoa roho. Usifungue mpaka umjue. Lakini usimtelekeze, huenda ana mgonjwa. Waite majirani na sungusungu, mfungulieni mkiwa wengi. Wallahu aalam.