Je, Yatosha Kumpa Mgonjwa Dawa Bila Kumfundisha?

Mara nyingi twasikia watu wakinena, "Kazi ya mwuguzi ni kutoa dawa, na kazi ya mgonjwa ni kutii." Neno hili lina sura ya kweli, lakini yafaa tulipime.

Katika usharika wetu alikuwapo mzee mmoja aliyeugua kifua kikuu. Alipewa dawa, akaagizwa azimeze kila siku. Baada ya siku chache akaona mkojo wake umekuwa mwekundu. Akadhani ni damu, akaogopa, akazificha dawa chini ya kitanda. Sisi tulipopata habari tulikwenda kumkemea, tukamwita mkaidi. Akatujibu kwa upole, "Mchungaji, nani aliniambia?" Tukanyamaza. Maana dawa iitwayo rifampisini hubadili rangi ya mkojo, na badiliko hilo halina madhara. Lakini hakuna aliyemwambia.

Basi kosa ni la nani? Asiyejua hahesabiwi kuwa mkaidi. Mtu hushika neno alilolielewa. Asilolielewa hulibeba tu, na hofu ikija hulitupa. Wala hasara si yake peke yake. Matibabu ya kifua kikuu huchukua kwa desturi miezi 6, naye aachaye njiani aweza kuzalisha vijidudu visivyoshindwa na dawa, akawaambukiza jirani zake.

Wengine watasema, "Wagonjwa ni wengi, na mwuguzi ni mmoja." Twakubali, mzigo ni mzito. Lakini mama wa mtoto anayehara, akifundishwa kuchanganya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, asimnyime mtoto maziwa, wala asikawie kumleta akilegea, amekuwa mwuguzi nyumbani mwake. Na mwenye kisukari akijua kwamba ganzi ya miguu huficha jeraha, atazitazama nyayo zake kila siku. Muda uliotumika kufundisha haukupotea.

Virginia Henderson, mwuguzi wa Marekani, alieleza mwaka 1966 kwamba mwuguzi humsaidia mtu katika yale ambayo angejitendea mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia na maarifa. Basi apunguaye maarifa, naye ahitaji uuguzi.

Tena, kufundisha si kukaripia, wala si kusema mengi. Ni kusema machache kwa lugha ya mgonjwa, kisha kumwomba arudie kwa kinywa chake. Akikosea, aelezwe kwa njia nyingine, asiaibishwe.

Yule mzee alirudi zahanati, akaelezwa, akamaliza dawa zake. Nasi tulikwenda kwake mara ya pili, safari hii kuomba radhi. Twajua sasa kwamba kumnyima mtu habari za mwili wake mwenyewe, hata kwa haraka tu, ni kumdhulumu.