Kumkosoa Papa: Ukweli, Haki na Uanakanisa

Mwanateolojia Mkatoliki anapomkosoa Papa hadharani, waamini huulizana mambo matatu kwa mpigo: kama alilosema ni kweli, kama alikuwa na haki ya kulisema, na kama bado ni mwenzao. Kila swali lina jibu lake. Mtu anaweza kusema kweli bila kuwa na idhini ya kuisema, na mwingine akawa na idhini zote akakosea. Hata hivyo, katika maisha ya Kanisa swali la tatu ndilo hutangulia, na jibu lake huyameza mawili yaliyobaki. Mkosoaji akishahesabiwa kuwa si mwenzao, hoja zake hazipimwi tena; akihesabiwa kuwa wa kwao, hata hoja yake dhaifu hupokewa.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Hans Küng, padre wa Uswisi aliyefundisha Tübingen, Ujerumani. Alikuwa mtaalamu katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), kama alivyokuwa Joseph Ratzinger, ambaye mwaka 1966 alihamia Tübingen akafundisha naye. Mwaka 1970 Küng alitoa kitabu kilichohoji fundisho la kutokukosea kwa Papa, ambalo Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulilitangaza tarehe 18 Julai 1870. Tarehe 18 Desemba 1979 aliondolewa idhini ya kufundisha kama mwanateolojia wa Kikatoliki. Upadre hakuvuliwa. Septemba 2005 Ratzinger, wakati huo akiwa Papa Benedikto XVI, alimkaribisha Castel Gandolfo wakazungumza kwa saa kadhaa. Aprili 2010, miaka mitano tangu Benedikto achaguliwe, Küng aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima barua ya wazi, akiorodhesha fursa ambazo kwa maoni yake upapa huo ulizipoteza na kuwahimiza maaskofu wasinyamaze.

Barua hiyo iliwagawa Wakatoliki. George Weigel, mwandishi wa wasifu wa Papa Yohane Paulo II, alimjibu Küng kwa barua ya wazi yenye maneno makali. Wengine, hasa Ulaya ambako kashfa za mapadre kudhulumu watoto zilikuwa zimechacha, waliona amesema yale waliyokuwa wakiyameza. Lakini ukitazama kwa makini, pande zote mbili zilikuwa zikiijibu zaidi adhabu ya mwaka 1979 kuliko barua yenyewe. Kwa wapinzani wake, adhabu ile ilitosha kuonyesha kwamba mtu huyu hana la kusikilizwa. Kwa wafuasi wake, adhabu hiyohiyo ilimvika heshima ya nabii. Wote walikosea mahali pamoja: kuadhibiwa hakuthibitishi kwamba mtu anasema uongo, wala hakuthibitishi kwamba anasema kweli.

Mapokeo ya Kanisa yenyewe ni mapana kuliko hofu ya waamini wengi. Katika Waraka kwa Wagalatia, sura ya pili, Paulo anaeleza jinsi alivyompinga Petro uso kwa uso kule Antiokia. Tomaso wa Akwino alilitumia tukio hilo kufundisha kwamba imani inapokuwa hatarini, mdogo anaweza kumwonya mkubwa wake hata mbele ya watu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 212, zinawapa waamini haki, na nyakati nyingine wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yao juu ya mambo yanayohusu mema ya Kanisa, kwa kadiri ya elimu, uwezo na heshima waliyo nayo, wakiilinda imani na kuwastahi wachungaji wao. Mwaka 1990 Roma ilitoa maelekezo juu ya wito wa mwanateolojia, ikitofautisha ugumu ambao msomi anaweza kuwa nao kwa dhati mbele ya fundisho fulani na upinzani wa kujipanga unaotafuta kuishinikiza mamlaka. Tofauti hiyo ni ya maana, ingawa katika utekelezaji mpaka wake hauonekani kirahisi. Kutokukosea nako kuna masharti finyu. Tangu mwaka 1870 Papa amelitumia fundisho hilo waziwazi mara moja tu, mwaka 1950, kutangaza Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria. Barua ya mwaka 2010 ilikosoa zaidi maamuzi ya uongozi, na maamuzi ya namna hiyo hayajawahi kuhesabiwa kuwa hayawezi kukosewa.

Katika wilaya ya Kyela, Tanzania, kwenye tambarare ya mpunga na kakao kaskazini mwa Ziwa Nyasa, swali la nani ni mwenzetu lina uzito wa pekee. Wamoraviani na wamisionari wa Kilutheri wa Berlin walifika nchi ya Wanyakyusa mwaka 1891. Wakatoliki walijijenga baadaye, na leo Kyela imo katika Jimbo Kuu la Mbeya. Mkatoliki wa huko ana majirani, mara nyingi ndugu wa damu, ambao makanisa yao hayana Papa na huchagua viongozi katika sinodi. Akisema kwenye jumuiya ndogondogo kwamba Papa amekosea, neno lake linaweza kusikika kana kwamba ameliazima kwa jirani. Kumtetea Papa kunakuwa njia ya kujitambulisha kabla hakujawa hukumu juu ya hoja. Jambo hilo linaeleweka na halistahili kudharauliwa, ila haligusi swali la ukweli.

Fikra za kale za Wanyakyusa zina cha kuuongezea mjadala huu. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti huko miaka ya 1930, walieleza imani juu ya pumzi ya watu. Aliyevunja haki, hata akiwa chifu, aliaminika kupatwa na baridi na maradhi kwa sababu ya manung'uniko ya wanakijiji. Mtu mmoja akiitumia nguvu ya namna hiyo kwa husuda yake, alihesabiwa mchawi. Ikielekezwa kwenye kosa ambalo kijiji kinalitambua, ulikuwa ulinzi wa haki. Kilichotenganisha mambo hayo mawili ni sababu ya hasira na ridhaa ya wanakijiji. Zaidi ya hayo, hasira iliyofichwa ndiyo iliyoogopwa. Katika matambiko ya ukoo, wenye ugomvi walitakiwa kuyatamka yaliyo moyoni, kwani bila hivyo tambiko halikufaa kitu.

Papa si chifu, na imani ya Kikatoliki haimweki chini ya hukumu ya manung'uniko ya watu. Hata hivyo, mantiki hii inasahihisha dhana iliyozoeleka kwamba kimya ndicho umoja. Anayeshiriki ibada huku akiwa na kinyongo dhidi ya mchungaji wake anaweza kuwa mbali kuliko anayesema.

Ng'ambo ya mto Songwe, nchini Malawi, mambo yalijitokeza kwa sura nyingine. Tarehe 18 Desemba 2023 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitoa tamko la Fiducia Supplicans, lililoidhinishwa na Papa Fransisko, likiruhusu mapadre kuwabariki, nje ya liturujia, watu wanaoishi katika uhusiano usiokubaliana na mafundisho ya ndoa, wakiwemo wa jinsia moja. Ndani ya siku chache maaskofu wa Malawi walikataza baraka hizo kwa wa jinsia moja. Askofu Martin Mtumbuka wa Karonga, jimbo linalopakana na Kyela, alikuwa miongoni mwa waliolipinga tamko kwa ukali. Tarehe 11 Januari 2024 maaskofu wa Afrika, kwa sahihi ya Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, walieleza kwamba haifai kutoa baraka hizo barani, huku wakithibitisha umoja wao na Papa. Roma ilishirikishwa katika kuandaa taarifa hiyo na haikumwadhibu yeyote.

Tofauti kati ya maaskofu hao na Küng ipo: askofu ana mamlaka ya kufundisha, mwanateolojia ana elimu na idhini inayoweza kuondolewa. Tena maaskofu walizungumza kwa pamoja. Lakini aliyeusifu ujasiri wa maaskofu hawezi tena kumlaumu Küng kwa sababu tu alifungua mdomo. Lazima aonyeshe ni wapi hoja yake ilikosea. Na aliyemsifu Küng kwa kuwahimiza maaskofu waseme hawezi kukasirika kwa kuwa waliposema hawakusema alichokitaka.

Wapo wanaopendekeza muda uwe mwamuzi. Wadominiko waliagizwa kumwondoa mwanateolojia mwenzao, Yves Congar, katika kufundisha mwaka 1954. Miaka minane baadaye alikuwa mtaalamu wa Mtaguso, na mwaka 1994 akafanywa kardinali. Küng alifariki mwaka 2021 bila idhini yake kurudishwa. Muda, hata hivyo, huonyesha nani hatimaye alikubaliwa, na kukubaliwa si sawa na kuwa sahihi. Wala hauwezi kumsaidia anayepaswa kuamua leo. Kilichobaki mikononi mwake ni hoja yenyewe: kama inagusa imani au uongozi, kama mwenye kuitoa anaijua mada yake, na kama inasimama hata jina la mtoaji likifichwa.