Mzee akisema "sina neno", tumwamini?

Uingereza majira ya baridi yana tarehe zake za kiserikali. Upo msaada wa fedha unaotolewa kwa watu wa kipato kidogo, wakiwamo wazee, pale baridi inapozidi. Wastani wa hali ya hewa ukifika nyuzi sifuri au chini yake kwa siku saba mfululizo, anayestahiki huongezewa pauni 25. Uskochi wana utaratibu wao, lakini katika sehemu nyingine za nchi hiyo hesabu huanza Novemba 1 na kufungwa Machi 31. Baridi itakayopiga wiki ya pili ya Aprili, hata iwe kali kiasi gani, haimo daftarini.

Tatizo ni kwamba baridi haisomi kalenda. Mwaka 2018 theluji nzito iliifunika nchi hiyo mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi, ikayeyuka, kisha ikarudi tena katikati ya Machi wakati watu wamekwisha kuona maua ya kwanza bustanini. Aprili 2021 ilikuwa na usiku mwingi zaidi wa baridi ya kugandisha kuliko Aprili yoyote katika miaka 60. Kwa kijana, haya ni kero ndogo ya kuendelea kuvaa koti alilokwisha kulichoka. Kwa mzee wa miaka 80 anayeishi peke yake ni jambo jingine kabisa. Ni mwezi mwingine wa kuishi ndani ya chumba kimoja.

Hebu tuyatazame maisha hayo kama yalivyo. Nyumba ina vyumba vitatu au vinne, lakini viwili vimefungwa milango ili joto lisipotee. Mzee ameuhamishia ulimwengu wake sebuleni: kiti, blanketi la magotini, redio, birika la chai, dawa zake na chupa ya mpira yenye maji ya moto. Katikati ya Disemba jua lilikuwa likizama kabla ya saa kumi jioni, naye akivuta pazia saa hiyo hiyo. Sasa mwisho wa Machi umefika, saa zimesogezwa mbele, jioni kuna mwanga mpaka baada ya saa moja. Kwa macho, dunia imefunguka. Lakini akigusa kioo cha dirisha ni baridi ile ile, na njia ya kwenda dukani asubuhi bado ina barafu nyembamba isiyoonekana. Akiteleza akavunjika nyonga, huenda asirudi tena katika nyumba ile. Basi anangoja.

Simu inalia. Ni mtoto wake yuko mji mwingine. "Baba, hujambo? Baridi vipi huko?" Naye, kwa lugha yake, anajibu jibu ambalo wazee wa dunia nzima wanalijua: "Sina neno, mwanangu. Niko salama." Simu inakatwa, na mtoto analala usingizi mzuri.

Ndugu msomaji, jibu hilo ndilo ninalotaka tulijadili leo. Je, mtoto aliyeambiwa "sina neno" amekwisha kutimiza wajibu wake? Mtu mzima mwenye akili timamu amesema hana haja. Tuna haki gani ya kutomwamini?

Kwa mtazamo wa haraka, jibu ni rahisi. Kumwamini mzee ni kumheshimu. Lakini tukichunguza kwa nini mzee husema hivyo, tutaona kuwa jambo hili si jepesi kama linavyoonekana.

Sababu ya kwanza ni mwili wenyewe. Mwili wa mzee hauihisi baridi kama wa kijana. Hautetemeki haraka, mishipa ya damu ya ngozini haijikunji upesi kuzuia joto lisitoke, na hisia ya ubaridi yenyewe hupungua. Mzee anaweza kukaa katika chumba chenye nyuzi 14 akasema hana baridi, na akawa mkweli kabisa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu nyumba na afya, lilipendekeza joto la ndani katika nchi za baridi lisipungue nyuzi 18. Chini ya hapo damu huwa nzito na shinikizo lake hupanda. Wazee wengi wanaofariki kwa sababu ya baridi hawagandi, bali hupatwa na maradhi ya moyo, kiharusi na maradhi ya mapafu. Kwa hiyo tunamuuliza mzee swali ambalo mwili wake umeshindwa kulijibu, kisha tunalichukua jibu kama ushahidi.

Sababu ya pili ni malezi. Mzee wa Kiingereza mwenye miaka zaidi ya 80 leo alizaliwa wakati chakula kikigawiwa kwa kadi. Mgao ule ulianza Januari 1940 na haukuisha mpaka Julai 1954. Akiwa kijana aliyaona majira ya baridi ya 1962 kuingia 1963, ambapo theluji iliyoanguka wiki ya Krismasi ilikaa mpaka Machi. Mtu wa namna hii ukimwambia kuna baridi anakucheka. Amefundishwa kuwa kulalamika ni aibu na kuomba ni aibu zaidi. Mwaka 2024 serikali ya nchi hiyo ilipoamua kuwa msaada wa fedha za joto wabaki nao wazee wenye kipato kidogo tu wanaopokea nyongeza maalumu ya pensheni, serikali yenyewe ilikadiria kuwa hadi kaya 880,000 za wazee wenye haki ya nyongeza hiyo hawakuwa wameiomba. Mwaka uliofuata uamuzi ule ulilegezwa, msaada ukarudishwa kwa wazee ambao kipato chao hakizidi pauni 35,000 kwa mwaka. Lakini takwimu ile inatufundisha jambo. Wapo wazee ambao hata serikali yenye fungu lao mkononi wanaiambia kwa kimya chao: sina neno.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo isiyosemwa. Mzee anajua jibu la kweli litamgharimu nini. Akisema, "Mwanangu, jana nilianguka bafuni," au "Siku tatu sijatoka, nimekula mkate na chai tu," anajua mazungumzo yatakayofuata. Watoto watakutana. Itatajwa nyumba ya kulelea wazee. Itatajwa kuuza nyumba. Watu wenye nia njema kabisa watamnyang'anya ufunguo wake. Basi anapima: bora baridi ya Machi katika nyumba yangu kuliko joto katika nyumba ya watu. Hapo "sina neno" si tena habari juu ya hali yake. Ni ukuta anaoujenga kulinda kitu cha mwisho alichobakiwa nacho, yaani kauli juu ya maisha yake.

Sasa wapo watakaosema: ikiwa ndivyo, mwacheni. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake juu ya uhuru kilichotoka mwaka 1859, alishikilia kuwa mtu mzima hawezi kulazimishwa jambo kwa sababu tu ni la manufaa kwake. Jamii za Magharibi zimejengwa sana juu ya msingi huo, na una ukweli ndani yake. Mzee si mtoto. Aliyelea watoto, akafanya kazi miaka 40 na akamzika mwenzake hastahili kuamuliwa saa ya kulala na mtu aliyekuwa akimfunga viatu.

Lakini tusome kwa makini. Mill alichokataa ni kulazimisha. Kumshauri mtu, kumsihi na kumweleza, hayo aliyaruhusu. Uhuru wa mzee unanikataza kumbeba kwa nguvu, haunikatazi kubisha hodi. Hapa ndipo penye udanganyifu mkubwa wa zama zetu. Tumelichukua neno zuri, uhuru, tukalifanya pazia la kufunikia uvivu wetu. Tunasema "tunaheshimu uamuzi wake" pale ambapo ukweli ni kwamba uamuzi wake umetupunguzia safari.

Na tusidhani kuwa tatizo ni baridi peke yake, kwamba hita zikiwa nzuri basi mambo yamekwisha. Agosti 2003 Ufaransa ilipigwa na joto kali, wakafa watu wapatao 15,000, wengi wao wazee na wengi wao wakiwa peke yao majumbani, katika mwezi ambao familia nyingi huenda likizo. Mwaka 2004 nchi hiyo ikatunga sheria ya wafanyakazi kufanya kazi siku moja zaidi kwa mwaka bila malipo ili fedha zipatikane za kuwahudumia wazee na walemavu. Uingereza nayo, Januari 2018, ilimteua waziri wa kushughulikia upweke. Si vibaya. Lakini hakuna sheria inayoweza kumwajiri mtu akae sebuleni na baba yako akimsikiliza kwa mara ya ishirini kisa cha theluji ya 1963. Kazi hiyo ina mwenyewe.

Msomaji wa huku pwani anaweza kusema: hayo ni ya Wazungu, sisi wazee wetu tunaishi nao. Nasi tujitazame. Wapo wazee wetu kutoka Zanzibar, Mombasa na Barawa wanaoishi na watoto wao huko huko Uingereza. Mama aliyezoea kuamkiwa na mtaa mzima tangu alfajiri, sasa anakaa katika nyumba ya ghorofani. Mtoto na mkwe wanatoka asubuhi na giza na kurudi jioni. Wajukuu wanarudi shule wakizungumza lugha asiyoijua vizuri. Hita inafanya kazi, dawa zipo, friji imejaa. Hakatwi na baridi, lakini toka Novemba mpaka Aprili hajaamkiwa na mtu asiye wa nyumba ile. Na yeye akiulizwa hujibu vile vile, sina neno, kwa sababu anaona jinsi watoto wanavyohangaika na hataki kuwa mzigo.

Hata hapa nyumbani, kuishi na mzee si lazima kuwe ni kuwa naye. Mara ngapi tunamkuta bibi amekalishwa kwenye jamvi uani, anapelekewa chakula kwa wakati, lakini nyumba inauzwa, mjukuu anaposwa, shamba linagawanywa, naye anasikia kwa jirani? Yule wa Uingereza ana kauli lakini hana watu. Huyu wetu ana watu lakini hana kauli. Si haki kumcheka mwenzetu kwa kilichompungua huku tukijisifu kwa kilichotuzidi. Mzee anahitaji vyote viwili, na aliyempa kimoja kwa sharti la kumnyang'anya kingine hajamtendea wema kamili. Haki za wazazi msomaji wa gazeti hili hahitaji kukumbushwa. Amezisikia mara nyingi. Kinachohitajika ni kuzifikisha mpaka jikoni na chumbani.

Basi tufanye nini? Nionavyo, jibu la swali letu ni hili: mzee akisema "sina neno" tumwamini katika haki yake ya kuamua, lakini tusilichukue neno lake kuwa ripoti ya hali yake. Hayo ni mambo mawili. Ripoti tuitafute kwa macho yetu. Kipimajoto cha bei ndogo ukutani kitakwambia zaidi kuliko kuuliza "una baridi?" Fungua friji. Tazama kama sufuria imepikiwa wiki hii. Tazama kama viatu vya kutokea nje vina vumbi. Kisha kaa chini, unywe chai yake, usitazame saa.

Pili, tuondoe ile hofu inayomfanya afiche. Mzee akiona kuwa kila aibu aliyoisema inageuzwa kuwa hoja ya kumhamisha, ataacha kusema. Akiona kuwa alisema ameanguka, na kilichofuata ni kufungiwa chuma cha kushikia bafuni na si kikao cha kuuza nyumba, kesho atasema tena.

Tatu, tumwendee na haja, si na msaada tu. Aliyekuwa fundi aulizwe ufundi, aliyekuwa mpishi aulizwe kipimo cha viungo, mwenye kumbukumbu aulizwe nasaba. Mtu anayengojwa kwa sababu ana kitu cha kutoa haoni kuwa anamaliza siku zake tu.

Na mwisho, tuchague wakati. Disemba kila mtu anakumbuka wazee. Zawadi hufika, fedha za serikali huingia, majirani hubisha hodi. Ni Machi na Aprili, watu wanapokwisha kujitangazia kuwa baridi imepita, ndipo simu zinapopungua na mzee akabaki na baridi isiyo na jina. Kila familia ina majira yake ya namna hiyo: wiki ya tano baada ya msiba, mwezi wa tatu baada ya kutoka hospitali, mwaka wa pili wa ujane. Huo ndio wakati wa kwenda, na huko hakuna haja ya kuuliza kwanza kama ana neno.