Ni Mimi Nilimharibu?

Jumatano baada ya ibada mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni. Kijana wake wa miaka 19 amehama nyumbani, anakunywa, na habari ya kanisa hataki hata kuisikia. "Pasta, niambie ukweli. Ni mimi nilimharibu?" Nikamwambia, "Mama, tuombe." Tukaomba, lakini swali lenyewe sikulijibu.

Mimi nilisomea biashara, kwa hivyo mambo ya seli mnivumilie. Siku zile za kwanza tumboni, seli zitakazoujenga mwili hufanana. Yoyote inaweza kuwa moyo, ngozi au ubongo. Wanasayansi huziita seli shina. Zote zina maagizo yaleyale ndani yake. Sasa nani huiambia hii iwe moyo na ile iwe ngozi? Kwa sehemu kubwa ni majirani. Seli hutuma protini, na jirani akizipokea anabadilika.

Mwaka 1924 Mjerumani Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walichapisha jaribio moja. Walichukua kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, mnyama wa umbo la mjusi, wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete kingine. Pale tumboni ukaanza kuota mgongo wa pili, na mwanzo wa ubongo. Seli nyingi za ubongo ule hazikuwa za mgeni. Zilikuwa za mwenyeji, zile ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo tu.

Miaka ya 1990 ndipo ujumbe wenyewe ulipoanza kujulikana, na hapa ndipo niliposhtuka. Kile kipande hakipigi kelele "kuwa ubongo!" Kuna ujumbe mwingine umejaa pale unaosema "kuwa ngozi", nacho hutoa protini za kuunyamazisha. Ukinyamaza, ubongo unatokea. Jamani, ni mara ngapi tunamhubiria kijana awe hivi na vile, na hatujamwondolea hata sauti moja inayomwambia yeye ni bure?

Basi mama ana hatia? Pole pole. Ujumbe haufanyi kazi mpaka seli iwe na kipokezi cha kuupokea. Halafu kuna wakati. Spemann alionyesha kwamba seli za ngozi zikihamishiwa mahali pa ubongo mapema, zinakuwa ubongo. Ukichelewa kidogo tu, zinabaki ngozi. Tena jirani si mmoja. Kuna marafiki, kuna mtaa, kuna sisi kanisa.

Lakini seli haiulizwi kitu, mtu huulizwa. Ezekieli 18 inakataa kabisa mwana abebeshwe dhambi ya baba, au baba ya mwana. Anayesema "ni mazingira yalinifanya" anataka awe seli. Na sisi tunaosema haraka "aliamua mwenyewe", mara nyingi tunataka tu isahaulike kwamba tulikuwa majirani. Mimi nimesema hivyo juu ya watoto wa watu, tena madhabahuni.

Ijumaa nilimpigia mama simu. Nikamwambia, "Mama, kuna yako, kuna ya kijana, na kuna yangu." Akanyamaza, kisha akauliza, "Yako ni gani, Pasta?" Nikamwambia kijana alikaa viti vya nyuma miaka mitatu, na mpaka Jumatano nilikuwa sijui jina lake.